Neno "recruit": mwongozo kamili wa maana yake, matumizi yake na namna ya kulitafsiri

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri fomu ya ridhaa ya mradi mmoja wa afya uliokuwa unafanyika vijijini, kando ya ziwa, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Mwanza mjini. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "You have been selected to be recruited into this study." Nikaandika: "Umechaguliwa kuajiriwa katika utafiti huu." Nikaipitia mara mbili, nikaona imekaa sawa, nikaituma.

Wiki iliyofuata niliongozana na wahojaji. Mama mmoja wa makamo, kanga begani, alisomewa fomu ile chini ya mwembe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akauliza kwa utulivu: "Sasa wanangu, mshahara unaanza mwezi huu au ujao?" Alikuwa amesikia kuajiriwa, na kwa mtu yeyote anayeishi kwa Kiswahili, kuajiriwa ni kazi na kazi ni malipo. Alishaanza kupanga hesabu zake: akamtaja mwanawe aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa shule. Ilinichukua robo saa kumweleza kwamba hakuna kazi yoyote, kwamba anaombwa tu ajibu maswali na kutolewa damu kidogo. Uso wake ulivyobadilika sijausahau mpaka leo. Fomu zote zilikusanywa na sentensi ile ikaandikwa upya kabla mtu mwingine hajasomewa.

Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na neno moja ambalo nilidhani nalijua. Ukifungua kamusi utakuta "recruit" limepewa maana tatu au nne: ajiri, sajili, andikisha, askari mpya. Zote ni sahihi. Kamusi haikuambii tu uchukue ipi na uache ipi, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mwongozo huu ni kwa ajili ya hapo. Nimeuandika nikiwafikiria wanafunzi, makatibu wa vikundi, wanaoandika barua za kazi, na wenzangu tunaotafsiri.

Hatua ya kwanza: litamke, uliandike

Hapa sitakaa sana. "Recruit" hutamkwa "rikruut", mkazo mwishoni, na "u" huvutwa. Likumbuke kwa neno "fruit", tunda: herufi za mwisho ni zile zile na sauti ni ile ile. Usilifananishe na "biscuit", ambalo nalo huishia hivyo kwenye maandishi lakini husomwa "biskiti". Mkazo hauhami, liwe jina au kitenzi. Nalisema hili kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba maneno kama "record" na "export" huhamisha mkazo: mwanzoni yakiwa majina, mwishoni yakiwa vitenzi. Hili halimo katika kundi hilo.

Kwenye maandishi, kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki pale steshenari ni kuchanganya "recruitment" na "requirement". Haishangazi, maana yote mawili hukaa kwenye ukurasa mmoja wa tangazo la kazi. "Recruitment" ni shughuli nzima ya kutafuta watu wapya na kuwaingiza. "Requirement" ni sharti, au sifa inayotakiwa. Kijana akiandika "I have all the recruitments", msomaji wa barua hiyo ataiweka pembeni. Alitaka kusema ana sifa zote.

Halafu "recruitment" kwa kawaida halina wingi. Ukisikia mtaani kwamba ajira mpya zimetoka, usiandike "new recruitments". Nafasi za kazi ni "vacancies". Mchakato wa kuzijaza ni "recruitment", umoja, hata kama nafasi ni elfu.

Hatua ya pili: shika kiini chake

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke.

Neno hili Waingereza walilichukua kwa Wafaransa katika karne ya 17. Kwa Kifaransa "recrue" lilikuwa ni kitu kilichoota upya, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kilatini "recrescere", kukua tena. Chukua kisiki cha mwarobaini kilichokatwa karibu na ardhi. Unadhani kimekufa. Mvua za vuli zikinyesha, machipukizi yanatoka pembeni ya kisiki, na baada ya mwaka mti umesimama tena. Picha ni hiyo. Jeshi limepungua vitani, askari wapya wanaingia, jeshi linaota tena. Wale wapya ndio "recrue". Neno lilikuwa geni kiasi kwamba mwandishi wa tamthilia Jean Racine alimkanya mwanawe kwa barua asitumie kitenzi "recruter", kwa kuwa alikiona ni lugha ya magazeti ya Uholanzi. Kitenzi kikaendelea na maisha yake, na leo hakuna Mfaransa anayekishangaa.

Kwa hiyo kiini cha "recruit" ni hiki: kuna kundi ambalo tayari lipo, na kundi hilo linajiongezea mtu ambaye hakuwamo. Basi. Mshahara haumo ndani ya neno. Sare haimo. Daftari halimo. Hivyo vyote huletwa na aina ya kundi, na ni juu yako kutazama kundi ni lipi.

Kiswahili nacho kilikuwa na picha ya chipukizi bila kuambiwa na mtu. Tunasema wachezaji chipukizi, waimbaji chipukizi. Lakini usiniambie basi "recruit" ni chipukizi. Chipukizi ni suala la umri au uchanga wa kipaji. "Recruit" ni suala la ugeni ndani ya kundi. Mzee wa miaka 55 akijiunga na kwaya ya parokia jana, kwa Kiingereza ni "a new recruit", na hakuna atakayemwita chipukizi.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba neno hili tunalo siku nyingi. Ni "kuruta". Lilitokea jeshini, na ukilitazama unaona kazi waliyoifanya wenyeji: "re" ya mwanzo ikaangushwa, "k" na "r" zikatenganishwa kwa "u" kwa sababu ulimi wetu haupendi konsonanti hizo zikibanana, na mwisho ikawekwa "a". Koplo, meja na kepteni yamepita njia hiyo hiyo. Kuruta ni askari aliye kwenye mafunzo ya mwanzo, hajala kiapo, hana cheo. Wingi ni makuruta, na upatanisho ni wa watu: kuruta amechelewa, makuruta wamechelewa. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa namfundisha jioni aliniuliza kama "kuruta" ni kitenzi, na "kuruta nini?" Swali zuri. Ile "ku" si ya kitenzi, ni sehemu ya jina. Wala neno halina undugu na kurutubisha, ambalo limetokana na rutuba, neno lenye asili ya Kiarabu.

Vijana wa kanda yetu hulisikia mara ya kwanza wanapoingia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Aliyepitia kambi ya Rwamkoma kule Mara hahitaji kamusi kuelezwa kuruta ni nani. Alikuwa ni yeye, saa kumi alfajiri, akikimbia mchakamchaka.

Ila angalia mipaka. Kuruta limebaki jeshini na kwenye vyombo vinavyofanana na jeshi. Mhasibu aliyeanza kazi Jumatatu si kuruta, ingawa Kiingereza kitamwita "recruit" bila tabu. Na ukikutana na "raw recruit", usihangaike kutafuta neno la mbichi. Ni kuruta ambaye hajafundishwa lolote. Nje ya jeshi, sema mgeni asiyeijua kazi.

Hatua ya tatu: angalia nani anatenda

Kosa la sarufi linalotusumbua kuliko yote sisi Waswahili lipo hapa, na chanzo chake ni utajiri wa lugha yetu. Tazama tunavyolizungusha neno moja: andika, andikisha, andikishwa, jiandikisha. Shule inamwandikisha mtoto. Mtoto anaandikishwa. Mpiga kura anajiandikisha. Tumezoea kwamba mtu yeyote anaweza kuwa mtenda, tunabadilisha tu viambishi.

"Recruit" halikubali. Mtenda wake ni kundi, au mtu anayelitafutia kundi watu. Anayeingia ni mtendwa, siku zote. Kwa hiyo:

"The police recruited my sister." Polisi walimchukua dada yangu.

"My sister was recruited by the police." Dada yangu alichukuliwa na polisi, kwa maana ya kupata kazi. (Kwenye Kiswahili angalia hapa: "alichukuliwa na polisi" peke yake inaweza kusomeka kwamba alikamatwa. Andika "aliajiriwa na Jeshi la Polisi".)

Ila "My sister recruited in the police" si Kiingereza. Ile "ji" ya kujiunga na kujiandikisha haiwezi kuingizwa ndani ya neno hili. Ukitaka mtenda awe ni yeye anayeingia, badili neno: "My sister joined the police." Kwa jeshi, kuna "enlist", ambalo linakwenda pande zote mbili: mtu huandikishwa, na pia hujiandikisha mwenyewe.

Kosa jingine la jirani ni kusahau "-ed" kwenye hali ya kutendwa: "I was recruit in 2019." Hiyo inasomeka kana kwamba unasema ulikuwa kuruta, tena bila "a". Andika "I was recruited in 2019."

Vihusishi vyake si vingi. "Into" hutumika kwa kundi linalokumeza mzima, kama jeshi au genge. "To" ni kwa timu, bodi au idara. "For" ni kwa nafasi au kwa utafiti, "as" kwa kazi utakayofanya, na "from" kwa mahali unakotoka. "She was recruited from Sengerema as a nurse for the new ward." Alichukuliwa kutoka Sengerema awe muuguzi wa wodi mpya.

Hatua ya nne: chagua neno la Kiswahili

Sasa turudi kwa yule mama. Maneno yetu makuu matatu yana picha ndani yake, na picha hiyo haifutiki kwa sababu tu unatafsiri. Kuajiri kuna ujira ndani. Ni shina moja. Kusajili kuna daftari la kumbukumbu. Kuandikisha kuna kalamu na jina linaloandikwa. Hakuna hata moja lenye kuota upya. Kwa hiyo kila ukilileta moja, unaongeza kitu ambacho "recruit" halikusema. Kinachotakiwa ni uongeze kitu ambacho kweli kipo.

Mimi hujiuliza maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, anayeingia atalipwa ujira? Kama ndiyo, kuajiri. Kama hapana, kuna daftari, fomu au kiapo kinachomfanya awe mwanakundi rasmi? Kama ndiyo, kusajili au kuandikisha. Kama hakuna ujira wala daftari, mtu alipatikanaje: aliombwa, alialikwa, alishawishiwa, alirubuniwa? Hapo unatumia kitenzi chenyewe cha tendo lililofanyika.

Kwa fomu ya utafiti jibu la swali la kwanza ni hapana. Daftari lipo, lakini kabla ya daftari kuna jambo kubwa zaidi: mshiriki ana haki ya kukataa. Neno likionyesha kwamba jambo limeshaamuliwa, ridhaa inakuwa ya jina tu. Ndiyo maana sentensi ile sasa ninaiandika hivi: "Unaalikwa kushiriki katika utafiti huu. Si ajira, na huna lazima ya kukubali." Kiingereza hakikusema "si ajira", na kuna wenzangu wanaoniambia nimeongeza. Nimeongeza, na naamini ni wajibu wangu kuongeza, kwa sababu hapa Mwanza utafiti wa afya ni jambo la siku nyingi. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanyika mkoani kwetu ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, na dunia nzima ikausoma. Watu wa vijijini huku wameitoa miili yao na muda wao kwa ajili ya maarifa hayo. Wanastahili fomu isiyowadanganya hata kwa neno moja. Kwenye ripoti ya kitaalamu, ambako hakuna anayeombwa chochote, "participants were recruited" inaweza kuwa "washiriki waliandikishwa" bila shida.

Kazini, kuajiri kunatosha, lakini kumbuka "recruit" huanza mapema. Kampuni inaweza kusema "we are recruiting" miezi mitatu kabla ya kuajiri mtu hata mmoja. Inatangaza, inapokea barua, inafanya usaili. Kwa hiyo "tunaajiri" kwenye bango ni sawa, lakini kwenye ripoti "they recruited for six months" ni "walitafuta wafanyakazi kwa miezi sita". Ukisema "waliajiri kwa miezi sita" umesema mikataba ilikuwa ya miezi sita.

Nenda Mwaloni pale Kirumba, au kwenye mwalo wowote wa Ukerewe, uone jinsi watu wenyewe wanavyosema. Mwenye mtumbwi, ambaye huko huitwa tajiri, hasemi anaajiri. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzika. Giza likikaribia utamsikia: "Natafuta watu wa mtumbwi," au "nimepungukiwa mtu mmoja." Malipo mara nyingi ni mgawo wa kilichovuliwa, si mshahara. Sentensi kama "Boat owners recruit crew before the dark nights" ukiitafsiri "Wamiliki wa boti huajiri wafanyakazi" umeandika Kiswahili cha ofisini ambacho mvuvi hajitambui ndani yake. Andika: "Matajiri hutafuta watu wa mtumbwi kabla giza halijaingia." Nami nimejifunza kwamba mahali pa kupata neno sahihi mara nyingi ni pale kazi inapofanyika.

Historia nayo ina neno lake. Wakati wa ukoloni, mashamba ya mkonge yalipohitaji watu, mawakala walizunguka bara kuwatafuta, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya pamoja ya kazi hiyo iliyojulikana kama SILABU. Waliochukuliwa walipewa namba, wakaitwa manamba, na kwenda huko kukaitwa kwenda manamba. Vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza kipindi hicho vimejaa "labour recruitment". Ukiandika "ajira" unakifanya kitendo kile kionekane cha kistaarabu kuliko kilivyokuwa. Mzee wa Kisukuma atakuelewa upesi zaidi ukisema "kuchukua watu manamba".

Michezoni ni kusajili na hakuna mjadala. Dirisha la usajili likifunguliwa, timu yetu ya Pamba inasajili. Kwaya, vikoba na vyama vya siasa huandikisha au huingiza wanachama. Na "recruitment drive" haina gari. Ni kampeni ya kutafuta wanachama.

Upande wa giza unahitaji uangalifu kuliko mwingine wowote. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya biashara haramu ya binadamu, ile iitwayo ya Palermo, inaanza kuorodhesha matendo yenyewe kwa neno hili hili, "recruitment", kabla ya kusafirisha na kuhifadhi watu. Nchi yetu ina sheria yake ya jambo hilo ya mwaka 2008. Watafsiri wengi huandika "kurubuni", kwa sababu ndicho tunachokiona: mtu anafika kijijini, anawaahidi wazazi kwamba binti atasoma huku akisaidia kazi ndogo ndogo, na binti anaishia jikoni kwa watu bila shule wala malipo. Lakini kurubuni kuna udanganyifu ndani yake, na kifungu cha 3 cha itifaki kinasema kwamba akiwa ni mtoto, yaani chini ya miaka 18, kumchukua kwa lengo la kumnyonya ni kosa hata kama hakuna aliyedanganywa. Ukiandika "kurubuni" umempa mwovu mlango: atasema sikumrubuni mtu, wazazi walijua kila kitu. Andika "kumtafuta na kumchukua mtu". Acha udanganyifu utajwe na maneno yake pale unapotajwa.

Hatua ya tano: usishangae kulikuta ziwani

Anayeishi kwenye fukwe hizi atakutana na "recruitment" mahali ambapo hakuna ofisi wala jeshi: kwenye taarifa za samaki. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ina kituo hapa Mwanza, na nchi tatu zinazolizunguka ziwa ziliunda mwaka 1994 chombo cha pamoja cha uvuvi chenye makao yake Jinja, Uganda. Taarifa za namna hiyo zinapoandika "recruitment of Nile perch", hakuna anayemwajiri sangara.

Sangara hutaga mayai kwa mamilioni. Mengi huliwa, vifaranga vingi hufa. Wachache wanaosalia hukua mpaka kufikia ukubwa ambao nyavu zinaweza kuwashika, na siku hiyo wanahesabiwa kuwa wameingia kwenye kundi linalovuliwa. Idadi ya wanaoingia kwa mwaka ndiyo "recruitment". Hapa neno limerudi kabisa kwenye maana yake ya kale: kilichoota upya. Mimi huandika "nyongeza ya samaki wachanga", na mara ya kwanza naongeza "wanaofikia ukubwa wa kuvuliwa".

Tofauti hii ina uzito kwenye mikutano ya wavuvi. Kokoro likiburuta sangara wachanga kabla hawajakua, hasara ni kuvua mapema mno. Ndiyo sababu kanuni hukataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Lakini wataalamu wana onyo jingine, "recruitment overfishing": samaki wazazi wamepungua kiasi kwamba nyongeza haitoshi kuliziba pengo. Nimewahi kusikia ikitafsiriwa ukumbini kuwa "uvuvi wa kuajiri kupita kiasi", na nikaona wavuvi wakitazamana. Wangeambiwa "kuvua wazazi mpaka uzao unakatika" wangeelewa papo hapo, maana jambo hilo wanaliishi.

Wataalamu wa misuli nao hulitumia: ubongo "hu-recruit" nyuzi zaidi za misuli unapobeba gunia zito kuliko ulivyotarajia. Ni kuziita zije kusaidia. Nalitaja tu ili ukilikuta usikwame.

Hatua ya sita: litenge na majirani zake

"Hire" ni tendo la kumpa mtu kazi, siku ile mliyokubaliana. "Employ" ni hali inayoendelea. Kampuni inaweza "employ" watu 300 bila kumtafuta mpya mwaka mzima. "Appoint" ni kuteua, kwa nafasi yenye mamlaka. "Enrol" ni kuandikisha mwanafunzi, au mtu kwenye bima na programu. "Sign" ni la wachezaji na wanamuziki. "Recruit" linaweza kuanza kabla ya yote haya na kuishia pale mtu anapoingia mlangoni.

Hatua ya saba: litumie kwenye barua yako

Usiandike "I would like to be recruited in your company". Sarufi haina kosa kubwa, lakini inasikika kama mtu anayesubiri kuokotwa. Andika kazi unayoiomba: "I am applying for the post of storekeeper." Neno lenyewe lihifadhi kwa ajili ya sivii (CV), pale ulipokuwa wewe ndiye mtendaji. Kama uliwahi kusimamia sensa au utafiti na ukatafuta wahojaji, "Recruited and trained 12 interviewers" ni mstari wenye nguvu sana. Kama ni mama lishe uliyeanzisha kikundi cha kuweka akiba na kukikuza kutoka watu 8 hadi 30, umefanya "recruitment", na una haki ya kuiandika: "Recruited 22 new members."

Na neno hili likija kwako kwenye ujumbe wa simu, kama "recruitment fee", "recruitment form 20,000", simama kwanza. Kijana mmoja alinijia akiwa ameshatuma hela ya "ada ya rikruti" kwa namba asiyoijua, kwa kazi ya kiwandani iliyotangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Alitaka nimtafsirie barua aliyotumiwa. Nilipoifungua, "recruitment" ilikuwa imeandikwa kwa namna tatu tofauti kwenye ukurasa mmoja, na zote zilikuwa na kosa. Hela haikurudi. Maombi ya kazi za serikali yanayopitia Sekretarieti ya Ajira hayalipiwi. Mtu anayeitafutia kampuni watu hulipwa na kampuni. Akianza kuvuna kwa watafutaji, ana kazi nyingine.

Hatua ya nane: jipime

Funika majibu kwa mkono, ujaribu.

1. "The choir is recruiting tenors."
2. "Two hundred recruits took the oath."
3. "My brother wants to ____ the army." (join au recruit?)
4. "The head teacher recruited three parents to dig the pit."
5. "Three years of poor recruitment have worried everyone on the lake."

Majibu yangu. Ya kwanza: kwaya inatafuta waimbaji wa sauti ya tatu, au kama kwaya yenu hutumia neno "tena" kwa maana ya "tenor", andika hilo. Ya pili: makuruta 200 walikula kiapo. Ya tatu ni "join", maana kaka ndiye anayeingia. Ya nne: mwalimu mkuu aliwaomba wazazi watatu waje kuchimba shimo, hakuna ujira, hakuna daftari, kwa hiyo tunataja tendo lenyewe, kuomba. Ya tano usiijibu bado. Tafuta sentensi iliyo juu yake. Kama inataja nyavu, mazalia au sangara, ni nyongeza ya samaki wachanga ambayo imekuwa haba kwa miaka mitatu. Kama inataja meli, manahodha na makarani wa bandari, basi ni kwamba kwa miaka mitatu wafanyakazi wapya hawapatikani.